Aliyemwapisha Baba Peke Yake

Padre, viongozi, wazee wetu shikamooni, waombolezaji wote, tumsifu Yesu Kristo.

Ndugu yetu Kassian alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Kamachumu, Muleba, akasoma shule ya msingi mwaka 1970 hadi 1976 na sekondari hadi 1980, akaajiriwa serikalini, na mwaka 1988 akafunga ndoa na Kokushubira, wakajaliwa watoto wawili, Osward na Naomi, ambao walipogombana baba yao alimtaka kila mmoja aandike maelezo, maana kwake sheria ilikuwa sala ya pili.

Mwaka 2009 alihamia wilayani Serengeti, akawa Mtendaji wa Kata ya Nyamokondo, na huko, tarehe 6 Desemba 2016, binti wa miaka kumi na mitatu, Esta, alikimbilia ofisini kwake akikwepa kukeketwa, maana huko Desemba ndio msimu wa ukeketaji. Masista wa parokia walitaka kumhifadhi, lakini marehemu alisema mamlaka imetoka kwa Mungu, na mzazi akiapa mbele ya mamlaka inatosha, akamwita baba wa binti, Machage, mwimbaji wa kwaya, naye akashika Biblia, akaapa kwamba hatampeleka binti yake kukeketwa, akasaini, akaondoka na mwanawe. Machage hakuvunja kiapo hata chembe. Siku ya nne wazee wa ukoo walimtuma Sirari kufuata ng'ombe, na bibi yake Esta, ambaye hakuna aliyemwapisha, akampeleka mtoto kwa ngariba. Wenyeji wote walijua kwamba katika boma lile neno ni la bibi, ila marehemu, mtu wa kuja, hakuuliza, na hakuna aliyemwambia.

Alifungua kesi, shahidi hakutokea hata mmoja, jalada likafungwa. Mara tatu alikwenda kumwomba Esta msamaha, na mara ya tatu binti akamjibu, "Nimekusamehe, Mtendaji, ila sijapona." Alirudi nyumbani kwa miguu, akaiweka karatasi ya kiapo ndani ya Biblia, na tangu siku hiyo hakusimama tena kusoma somo kanisani. Inatuuma kulisema hili, lakini Esta, aliyeketi hapa pamoja nasi, ameomba lisomwe.

Alistaafu mwaka 2021, akajenga Ringwani, akaanza kuugua figo Mei 2024, na akafariki tarehe 5 Desemba mwaka huohuo. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliochimba kaburi mvua ikinyesha, na watumishi wenzake wa kata.

Siku yake ya mwisho alimwuliza mkewe huu ni mwezi gani, akaambiwa Desemba, akauliza, "Nani yuko ofisini?" Kassian, pumzika kwa amani.