Yule Kijana wa Kwenye Mkokoteni

Benchi letu la kijiji cha Ladeira Branca limeegemea ukuta wa duka la Deolinda, pale barabara inapopinda kuelekea kambi ya ndege ya Wamarekani. Ni ubao mmoja juu ya mawe meusi, na upande wa kushoto umebonyea kwa sababu Kapteni hukaa hapohapo tangu vita viishe. Jioni, ng'ombe wakishakamuliwa, tunakuja. Deolinda anatupitishia kahawa dirishani. Ndege za mizigo za jeshi zinapita juu yetu chini kabisa, mpaka vikombe vinalia kwenye visahani. Tunanyamaza katikati ya neno, inapita, tunaendelea palepale tulipoachia. Visiwa hivi vya Azori, vya Ureno, viko katikati ya bahari, na kila ndege inayotoka Marekani kwenda Ulaya lazima itue kwetu kunywa mafuta. Nyingi zinatua salama. Moja iligonga mlima wetu siku za Kwaresima, na tangu hapo benchini hatukuwa na habari nyingine.

Kwetu jina la ubatizo ni la padri na la serikali. Baltazar tunamwita Kapteni, maana aliwahi kupika kwenye meli ya kuvua nyangumi akarudi na kofia ya nahodha isiyo yake. Gualter ni Mabati, kwa sababu hori la nguruwe wake ni bawa la ndege na mlango wa banda lake la kuku una maandishi ya Kiingereza. Mimi napiga kengele ya kanisa, basi naitwa Kengele. Na Herminio, mwenye mkokoteni wa ng'ombe, ni Kimya. Hilo halihitaji maelezo.

Jioni moja Kapteni alianza kama kawaida yake.

— Ni upepo, nawaambia tena. Upepo wa kusini ukigonga ule mlima unarudi chini kama kofi. Rubani anadhani amepata njia, kumbe anasukumwa.

— Upepo upi, Kapteni? Mabati alimdaka. Siku ile ukungu ulilala hapa kama ng'ombe mgonjwa. Hata jani halikutikisika.

— Huku chini. Juu je?

— Ulipanda juu ukauona?

— Mimi nimekaa baharini, bwana. Upepo naujua kwa harufu.

— Ulikaa jikoni wewe! Harufu unayoijua ni ya vitunguu.

Tukacheka kidogo. Mabati akaona amepata nafasi.

— Ndege zenyewe siku hizi nyepesi. Nimeshika bati zake mimi. Ile iliyoingia kwenye mizabibu yangu, bati lake nilipiga nyundo mpaka mkono ukavimba. Za sasa unazikunja kwa goti.

Deolinda akatoa kichwa dirishani.

— Gualter, usiniambie umekwenda kuokota kule juu. Watu wamekufa pale!

— La, mama! Nasema za zamani. Hii sijagusa hata msumari. Muulize mke wangu.

Na ilikuwa kweli. Sisi tulishazoea ndege kuanguka kwa namna nyingine. Ile ya kwanza iliangukia baharini karibu na bandari, na wavuvi wakawavuta watu wote wakiwa hai, wamelowa, wanatetemeka, mmoja amekumbatia gunia la machungwa. Ile ya mizabibu ilipitiliza uwanja ikavunja ukuta, wanajeshi wakatoka wanajipangusa vumbi, mke wa Mabati akawapa divai. Mmoja alilia, tukamcheka miaka. Kwa hiyo hii ya Kwaresima ilipogonga mlima, kuna watu hapa kijijini waliotoka nje wakitabasamu. Naona aibu kulisema hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

— Mimi nadhani ni yule mtakatifu, Kapteni alianza upya, sauti imeshuka. Walipotengeneza uwanja walibomoa kikanisa chake. Sanamu ikahamishwa kama kabati. Wewe ungefurahi?

— Sanamu ninayo mimi kanisani, nikamwambia. Naipangusa kila Jumamosi. Haijawahi kuangusha hata mshumaa.

— Basi ni redio, akasema Mabati. Tangu Deolinda anunue redio yake, mawasiliano yamevurugika. Rubani anauliza njia, anajibiwa na bei ya samaki.

— Redio yangu haipati hata misa ya Lizbon, we mwehu. Itaangusha ndege?

— Na mlima je? Kapteni alisimama kabisa. Mnajua mlima unakua? Babu yangu alikuwa anaiona bahari ya upande wa pili akiwa mlangoni kwake. Mimi leo siioni. Wamarekani wanatumia ramani ya zamani, mlima umeshaongezeka!

— Babu yako alikuwa na nyumba ya ghorofa, Kapteni. Wewe unakaa chini.

Tungeendelea hivyo mpaka sukari iishe. Lakini Herminio aliweka kikombe chini, akasema bila kumtazama mtu:

— Alikuwa anajua lugha yetu.

— Nani? nikauliza.

— Yule kijana.

Hapo lazima nieleze. Siku ya ajali Herminio alikuwa kule juu anakata majani ya kulazia ng'ombe. Alifika kwenye moto kabla ya mtu yeyote. Tulimkuta njia panda, malori ya jeshi yamemsimamisha, mkokoteni umebeba kijana mmoja juu ya majani, amekufa. Wanajeshi wakamchukua maiti wao, wakampigia Herminio saluti, wakaondoka. Tulidhani alimwokota akiwa amekwisha kufa. Herminio hakusema vingine, na sisi hatukuuliza, maana kumuuliza Kimya ni kupoteza muda.

— Alikuwa hai? Deolinda aliuliza.

— Alikuwa hai. Ametupwa mbali na moto, kwenye majani. Nikamwinua, akafungua macho, akaniita mjomba. Kwa maneno yetu haya, Deolinda. Si ya wale wa Lizbon. Ya hapa kisiwani, na ule mvuto wake.

Deolinda aliinamia dirishani amsikie vizuri.

— Akaniuliza, "Mjomba, hapa ni wapi?" Nikamwambia ni Ladeira Branca. Akacheka. Na hali ile aliyokuwa nayo, akacheka! Akasema, "Mama yangu..." Mimi nikamkatiza. Nikamwambia, usiongee mwanangu, tunza pumzi, utasema tukifika chini. Akanyamaza. Alinitii, Kengele. Njia nzima ananitazama tu, mdomo ameufunga kama mtoto aliyekatazwa. Pale kwenye daraja la kijito nikageuka, nikaona hanitazami tena.

Mikono yake ilikuwa magotini, imelala tu. Sikuwahi kumsikia Herminio akisema maneno mengi hivyo, wala sijamsikia tena.

Kapteni ndiye aliyeshindwa kuvumilia.

— Basi ni mtoto wa watu wa hapa. Wa kina nani? Alikuwa na masikio makubwa? Kina Sindano wote wana masikio.

— Nusu ya kijiji iko Marekani, alisema Mabati. Anaweza kuwa wa yeyote. Au labda ni jasusi. Wanawafundisha lugha, nimesikia. Wanawafundisha mpaka kutukana.

— Jasusi anamwita mtu mjomba? Gualter, nyamaza! Deolinda alifunga dirisha, na kahawa ikaishia hapo.

Asubuhi nilimweleza padri. Padri akachukua kofia yake akaenda kwenye geti la kambi, akauliza kijana yule alikuwa nani. Walimjibu kwa adabu kwamba familia imekwisha kujulishwa, na kwamba mama yake ameomba kuja kupaona mahali alipofia. Jina hawakumpa. Tukabaki tunangoja. Benchini Kapteni aliwataja wote waliohama tangu utoto wake, nyumba kwa nyumba, akiwatafutia mtoto wa umri ule. Mabati aliacha hadithi ya jasusi. Siku moja nilimkuta analing'oa lile bawa kwenye banda la nguruwe. Nikamuuliza analipeleka wapi, akasema hajui, ila hataki tena kuliona.

Alikuja Jumapili, baada ya misa. Gari la kambi lilimshusha pale kwenye kona, na dereva akabaki ndani. Viatu vyake vilikuwa vya Kimarekani, koti lake la Kimarekani, lakini kitambaa kichwani alikuwa amekifunga kama mama zetu. Tulisimama wote.

— Hamjambo, alisema. Mimi ni Filomena, binti wa Jacinto Sindano.

Kapteni alivua kofia. Hakusema neno kuhusu masikio.

— Ulikuwa unaleta mayai hapa dukani, alisema taratibu. Baba yako alikuwa rafiki yangu.

— Nakukumbuka, mzee Baltazar.

Deolinda alitoka nje. Sijui ni lini nilimwona mara ya mwisho nje ya dirisha lile. Alimkumbatia, wakakaa hivyo muda, na sisi tukatazama ardhi.

— Anaitwa Duarte, Filomena alisema. Alikuwa anapita hapa kila mara na ndege zao, lakini zinatia mafuta zinaondoka, hawatoki kambini. Safari hii alipata ruhusa ya siku moja. Alinipigia simu kabla ya kuondoka. Alisema anataka kuja kuona nyumba niliyozaliwa, anywe kahawa na nyinyi. Nilimwambia, ukifika dukani sema wewe ni mtoto wa nani, utapokewa.

Mabati aligeukia ukuta.

— Nani alimshusha mwanangu?

— Mimi, dada, akasema Herminio.

Alimweleza yote. Jinsi alivyomkuta, jinsi alivyomwita mjomba, alivyouliza hapa ni wapi, na jinsi alivyocheka aliposikia jina la kijiji. Kisha yale maneno mawili, na jinsi alivyomkatiza.

— Nilidhani namwokoa, dada. Nilidhani pumzi ile itamfikisha.

Filomena alimsikiliza mpaka mwisho. Hakulia wala hakukasirika. Aliuliza kitu kimoja tu, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia:

— Alikuwa anataka kusema nini?

Herminio akatutazama. Akamtazama Kapteni, ambaye ana jibu la kila kitu, la upepo, la milima, la watakatifu. Mimi nilitafuta neno, hata la uongo, la kumpa mama yule aondoke nalo, nikaona kwamba yeyote kati yetu angeweza kulitunga, na hakuna aliyethubutu.

— Sijui, dada, alisema Herminio. Kila siku najiuliza. Sijui.

— Sauti yake ilikuwaje? Ilikuwa ya maumivu?

Hilo alilifikiria.

— Hapana. Ilikuwa kama ya mtu aliyebisha hodi, ameulizwa ni nani, anaanza kujibu.

Filomena aliitikia kwa kichwa, tena na tena. Deolinda akamletea kahawa, akaishika kwa mikono miwili bila kuinywa mpaka mvuke ukaisha. Kisha akairudisha, akashukuru, akamwambia Herminio:

— Nipeleke kule juu. Kwa njia ileile.

Herminio akaenda kufunga ng'ombe kwenye nira. Alikuwa ametandika majani mapya kwenye mkokoteni, akamwekea blanketi ili apande akae. Filomena hakutaka kupanda. Alitembea kando kwa miguu, mkono mmoja juu ya ubao wa pembeni, polepole, akikwepa mashimo, kama mtu anayemsindikiza mgonjwa.