Marehemu Aliyetusahihisha Sote

Mchungaji, mama yetu, wazee na majirani mliokaa juani kwa ajili yetu, mimi ni Rael, dada mkubwa wa marehemu, na haya nitayasoma kwa Kiswahili, ingawa karatasi mlizopewa langoni ni za Kiingereza, kazi ya binamu yetu Derrick, katibu wa kamati ya mazishi, aliyeokota mtandaoni kwamba mdogo wangu alikuwa mpole, mnyenyekevu na mwenye subira, vivumishi vitatu, vyote vya uongo.

Dominic Kiprono Maiyo alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 hapa Kabiyet, akaanza shule ya msingi mwaka 1986, akamaliza sekondari mwaka 1998 akiwa na alama nzuri ya Kiingereza na alama za kusikitisha katika mengine yote, na tangu siku hiyo akajiona msomi. Alifundisha bila cheti katika shule mbili, na zote mbili zilimwondoa kwa kosa moja, kumsahihisha mwalimu mkuu gwarideni mbele ya wanafunzi. Tarehe 12 Desemba 2004 alimwoa Miriam, wakajaliwa Valary mwaka 2006 na Jeremy mwaka 2011.

Tarehe 3 Juni 2014 alisafiri kwenda Riyadh kuwa dereva wa nyumbani, akimpeleka madam, mke wa tajiri wake, kwenye maduka ya mtaa wa Olaya na kumsubiri garini huku kitabu cha sarufi kimeegemea usukani, na mwaka 2019, baada ya likizo, akapata kafili mwingine, yaani mwajiri mdhamini, mjini Jeddah, akaishi mtaa wa Al-Mahjar chumba kimoja na dereva mwenzake, Elijah. Kila Ijumaa, katika mkahawa mmoja wa mtaa wa Sharafiya, aliwafundisha Wakenya wenzake aina za maneno ya Kiingereza, waliotaka na wasiotaka, na akina dada wa kazi wasioruhusiwa kutoka majumbani aliwatumia masomo ya sauti kwa simu, wakasikiliza wakipiga pasi. Alifundisha vizuri, sitamnyima hilo. Aliwaambia wasilitambue neno kwa sura yake, walitazame kazi inayofanya katika sentensi, kwani neno lile lile leo ni jina la kitu na kesho ni kitendo, lakini huruma hiyo aliwapa maneno peke yake, sisi watu alitugawia aina zetu mara moja na hakutubadilishia tena. Mimi aliniita kihisishi, neno la kupiga ukelele tu, mke wake akamwita kihusishi, kijineno kisichojitegemea, ilhali Miriam ndiye aliyelima shamba hili na kulea watoto hawa miaka kumi bila yeye. Katika ile likizo ya 2019 Valary aliuliza yeye ni aina gani, baba yake akamjibu mbele ya wageni kwamba yeye bado ni kosa la tahajia. Wageni walicheka, na mtoto alikuwa na miaka kumi na mitatu.

Sheria yake ilikuwa watoto wamwandikie kwa Kiingereza tu, na ujumbe wao uliwarudia umepigwa mistari, kila neno limeandikiwa aina yake, na walichouliza hakijajibiwa. Valary aliomba viatu vya shule akarudishiwa vielezi.

Oktoba 2024 figo zilianza kumsumbua, na tarehe 20 Januari 2025 akalazwa hospitalini Jeddah. Tarehe 5 Februari Valary alimwandikia kuuliza kama atapona, na yeye, mgonjwa asiyeweza kujigeuza kitandani, akapata nguvu za kuupigia ujumbe ule mistari. Elijah alimwambia, "Teacher, halas, basi, mjibu mtoto," naye akasema, "Arudie kwanza." Alifariki Jumapili tarehe 9 Februari asubuhi, na simu ilipoingia Valary alikuwa jikoni anarudia.

Katika ukoo wetu historia ya marehemu husomwa na kifungua mimba wake. Wiki hii tulimpa Valary kalamu, akairudisha, akasema hawezi, atakosea. Anamwogopa mtu aliye ndani ya sanduku. Hapo nilimdharau mdogo wangu kuliko nilivyowahi kumdharau akiwa hai, na nikalia vilevile, kwa sababu huyu nilimbeba mgongoni.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Jeddah, kafili aliyetia sahihi mwili ukaruhusiwa kusafiri, Elijah aliyemwosha na kumlisha bila kusikia asante, akina dada wa yale masomo ya simu, ambao wamesema watamkosa na ninawaamini, na ninyi majirani mliochimba kaburi kwenye mawe.

Valary, mwanangu, ukifika pale shimoni mwambie baba yako lolote ulilo nalo, kwa Kinandi, kwa Kiswahili, hata kwa Kiingereza kilichovunjika, safari hii hatakurudishia. Dominic, pumzika kwa amani, utuache na sisi tupumzike.