Mama Viti Aruhusiwa Kwenda Nyumbani

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika Sekretarieti yetu ya nchi kumi na moja zinazopakana na bahari moja, Mkuu wa Itifaki, ambaye hakuna anayemwita kwa cheo hicho kwa kuwa sote tunamjua kama Mama Viti, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Safari hii ni kweli. Wasomaji wa jarida hili watuwie radhi, maana tumeshamuaga mara tatu. Keki zililiwa, hotuba zilisomwa, akapewa na saa ya ukutani, na kila mara Jumatatu iliyofuata tulimkuta ukumbini anapanga viti kama kawaida. Saa yenyewe aliitundika ofisini kwake.

Alianza kazi mapokezi. Wiki yake ya pili, mkuu wa itifaki wa wakati huo alipandwa na presha katikati ya mkutano wa ushuru wa bandari, na huyu binti wa mapokezi akaambiwa aandae ukumbi. Kwa wasioufahamu, ukumbi wetu una ukuta mmoja wa vioo unaotazama baharini, na hakuna nchi mwanachama iliyokuwa tayari kuyapa maji mgongo. Wanasheria wao walikuwa wamewaonya kwamba anayeyapa maji mgongo leo, kesho ataambiwa aliyakana. Mama Viti hakubishana na mtu. Aliitoa meza ya duara, akapanga viti vyote safu moja vikitazama kioo. Tangu siku hiyo waheshimiwa wetu hujadiliana bega kwa bega, macho mbele, kama watu wanaosubiri zamu ya kunyolewa. Ugomvi ulipungua sana.

Ni yeye pia aliyeokoa mkataba wetu mkubwa wa biashara. Kila nchi ina jina lake la bahari hii, na kila moja iliapa kwamba haitatia saini karatasi yenye jina la jirani. Wakati wa mapumziko ya chai Mama Viti alinong'ona kwamba pengine iitwe tu Maji Yanayohusika. Mkataba ukapita, ukiwa na pingamizi moja la heshima, na hadi leo meli zetu hulipa ushuru wa kupita katika Maji Yanayohusika.

Halafu kulikuwa na vita vya jodari. Mawaziri wawili wa uvuvi walifika kwa mazungumzo, na kila mmoja akakataa kuingia nyuma ya mwenzake. Walisimama koridoni mpaka chakula cha mchana kikapoa. Mama Viti alimwita fundi, ukuta ukatobolewa, mlango wa pili ukawekwa kabla ya jioni, na juu ya milango yote miwili akabandika maneno Mlango Mkuu. Waliingia kwa wakati mmoja, wote wamefurahi, na samaki wakagawanywa.

Sasa kwa nini mtu wa namna hii tumuage mara nne? Kanuni zetu zinasema mkuu wa idara haondoki mpaka wanachama wote wakubaliane, na wanachama wetu hawajawahi kukubaliana wote kwa pamoja juu ya jambo lolote. Hata kwenda kula tunakwenda kwa wingi wa kura. Alipofikisha umri wa kustaafu, miaka sita iliyopita, nchi kubwa kuliko zote ilipinga, ikihofia mrithi wake atatoka kwa jirani. Mwaka uliofuata nchi kubwa iliacha kupinga, na jirani akapinga papo hapo, kwa sababu haiwezekani mkubwa akubali kitu bure. Baadaye alitokea mjumbe ambaye hakuwa na maelekezo kutoka kwao, akapinga kwa usalama wake.

Tulicheka sana, lakini Mama Viti alikuwa anaumia. Alikuwa na mjukuu aliyezaliwa, akatambaa, akaanza shule, bibi akimjua kwa simu tu. Yeye na mumewe walikuwa wamemaliza nyumba yao bara, mapazia bado yamekunjwa kwenye mifuko. Mume, ambaye Sekretarieti nzima humwita Shemeji, alikataa kuhamia peke yake. Alisema hakujenga ghala.

Badala yake akawa anakuja kila alasiri kumsubiri mkewe, suti imenyooka, chupa ya chai mkononi. Vikao vikichelewa, Mama Viti alimkalisha kwenye kiti cha mwisho wa safu, kwa kuwa koridoni kuna baridi. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Waheshimiwa walimwona mtu mpole, anasalimia kila mmoja, haombi kitu. Nani awe wa kwanza kukiri kwamba kuna nchi ya bahari hii asiyoifahamu? Wakampa vifaa vya masikioni. Baadaye akapata kitambulisho kilichoandikwa Mtazamaji. Wajumbe wa pande mbili zinazogombania bandari walianza kumletea kalenda na samaki wa makopo, kila mmoja akimwomba asisahau urafiki wao wa siku nyingi.

Mwezi wa nne suala la Mama Viti lilirudi mezani. Mjumbe mmoja akanyoosha mkono kupinga. Mwenyekiti, akitafuta tu pa kupumulia, akampa nafasi Mtazamaji, ambaye hakuwahi kusema neno kikaoni. Shemeji alivua vifaa vya masikioni, akasimama.

"Mimi sina bandari, wala sina samaki," alisema. "Nina mke. Miaka sita namsubiri hapa mwisho wa viti vyenu. Waheshimiwa, nawaomba mniruhusu niende naye nyumbani."

Kibandani, sisi wakalimani tuliyatafsiri maneno hayo neno kwa neno. Mjumbe mpingaji aliomba dakika chache apige simu kwao. Alirudi macho mekundu, akatangaza kwamba serikali yake haina tatizo na ndoa. Mikono kumi na mmoja ikapanda. Walifurahi hivi kwamba papo hapo wakampendekeza Shemeji aongoze kamati ya uvuvi. Alikataa kwa adabu, akasema ana safari.

Nilimkuta Mama Viti koridoni analia. Nilidhani ni furaha. Akaniambia kwamba wakati mikono inapanda alikuwa anatafuta mmoja ambao haujapanda, na hakuuona.

"Kumbe wanaweza," alisema. "Miaka yote hii walikuwa wanaweza."

Nikalia naye.

Kesho yake waheshimiwa walikorofishana juu ya nani alinyoosha mkono wa kwanza. Mrithi hajapatikana, kwa kuwa wagombea ni kumi na mmoja, na kwa sasa kila ujumbe unakuja na kiti chake kutoka kwao. Kimoja kina magurudumu, na kimeshalalamikiwa.

Mama Viti, dada yetu, asante kwa kutustahimili. Shemeji, asante kwa kutuazima mkeo kwa muda mrefu kuliko tulivyostahili. Tunawatakia afya njema, kicheko cha mjukuu, na usingizi wa mchana usiokatizwa na mtu. Mkisikia tunagombana, msirudi.