Dari la Chadia

Yassine, Latifa, sogeeni karibu, sauti yangu haifiki tena mlangoni. Shamba la Wamaza mgawane kwa upole. Ninalotaka kusema linahusu nyumba hii ya udongo na nyasi, ambayo watu wa Kasongo wanaicheka.

Baba yenu Atumani alipotoka Salamabila na dhahabu yake, alimwoa Chadia akamjengea nyumba ya beto, zege la saruji na kokoto, hata dari lake beto tupu, tambarare, bila bati juu, na mimi niliyemngoja miaka yote nikabaki hapa. Nilimwonea wivu mwanamke yule, na hadi leo ninamwonea. Lakini nilikuwa mwalimu. Watoto wa darasa la tatu niliwaambia waweke viganja kwenye ngazi za shule asubuhi, kisha tena jua likizama, wajionee wenyewe kwamba beto hunywa jua polepole mchana kutwa na kulitoa polepole gizani. Basi siku ya jua kali, hata zamu ikiwa ya Chadia, nilitandika mkeka wa pili, na baada ya magharibi baba yenu alikuja na mto kwapani.

"Mama Yassine, kule kwa mwenzako iko moto kama furu ya mikate. Unipe nafasi."

"Ingia, tajiri wa beto."

Siku ya mawingu dari lilipoa mapema, hakuja, nami nililinunia wingu kama limeniibia.

Dawa ya dari lile ni ndogo, wanangu: lipakwe chokaa nyeupe, irudishe jua lilikotoka, au liwekewe bati lililoinuliwa, upepo upite katikati. Chadia aliniuliza juzi, nikamwambia bado ninafikiri. Nanyi msimwambie kabla ya arobaini yangu. Ni kiangazi, acheni dari liwake, baba yenu aje alale hapa, kwenye mkeka wangu, siku hizo awe wangu peke yangu.

Arobaini ikiisha, Yassine, panda ngazi upake chokaa mwenyewe, upake mara mbili, maana watoto wa Chadia wanatoka vipele vya joto, na ni ndugu zenu. Latifa, nyasi za upande wa jikoni zinavuja... zibadilishe. Mungu awape usingizi wa amani, ninyi, na wao. Na Chadia... haya, naye.

Fungua dirisha, mwanangu. Leo... jua iko?