Yuslim bin Karama na Mlango wa Ghorofa ya Sita

Zamani fundi wa Shibam, mji wetu wa minara ya udongo, alizikwa na watu wenye udongo wa nyumba zao kwenye kucha. Leo Yuslim bin Karama amezikwa na watu waliopangusa udongo huo viatuni.

Marehemu alizaliwa mwaka 1944 katika mnara wa babu yake: ghorofa saba za tofali za udongo na makapi, bila kipande cha chuma, kuta nene chini, nyembamba juu. Mbuzi walilala chini, nafaka juu yao, wanaume juu ya nafaka, wanawake juu ya wote. Alihitimu chuo cha Kurani mwaka 1956, akashika kazi ya ufundi ya baba yake. Kila mwaka alipaka paa chokaa na kuisugua mpaka ing'ae, maana adui wa udongo ni maji.

Mwaka 1969 alimwoa Muzna, jirani wa ukuta kwa ukuta. Minara yetu huegemeana, na ghorofa ya sita ina mlango wa wanawake kutembeleana bila kushuka mtaani. Bibi arusi alipitia humo, wapiga ngoma wakimsubiri chini.

"Mmemficha wapi?" waliuliza.

Yuslim akachungulia dirishani. "Ameshakula na kushiba. Nendeni zenu."

Mwaka 2012 wapwa wa Muzna walimwaga saruji juu ya paa la mnara wao, ule wa kwao Muzna.

"Ami Yuslim, hii haitaki kupakwa kila mwaka."

"Ndiyo maana hamtapanda kuitazama."

Hawakupanda. Saruji ilipasuka, maji yakajificha ukutani, na mvua za 2021 zikauangusha mnara wao. Wa Yuslim ukakosa wa kuegemea, ukafanya ufa. Aliomba jambo moja tu: uegemezwe kabla ya mvua nyingine.

"Baba, nani atapanda huko?" wanawe walimjibu. Mafundi aliowafundisha wako Jidda, wanauza simu.

Walimhamishia nyumba ya saruji ng'ambo ya bonde. Kifua kilimbana, akafariki Alhamisi, tarehe 9 Machi 2023. Ameacha mjane, wana wawili, binti Shifa, wajukuu tisa, na mdogo wake Salmin, aliyeandika haya. Mola amjaalie nyumba isiyohitaji fundi.

Salmin aliwaona mara ya mwisho pamoja, Yuslim, Muzna na mnara, mwezi Januari. Aliwapeleka kwa gari, akamwekea kaka yake kiti mtaani. Juu, ghorofa ya sita, mlango ule ulikuwa wazi, ukitazama hewa tupu.

"Mwambieni mtu aufunge," alisema Muzna. "Mbuzi ataanguka."

"Mbuzi gani, mke wangu? Na huyo wa kuufunga yuko wapi?"

Kisha akamwomba Salmin amgeuzie kiti upande wa pili. Salmin akakigeuza.