Jeneza la Kwanza la Kasiva Nthiwa

Kisa cha jeneza la kwanza tulisimuliwa sisi wajukuu wakubwa na mama mzazi wa marehemu, Nyanya Syokau, Krismasi ya mwaka 1991, naye alitukataza kukirudia mbele ya Kasiva, lakini leo familia imeona ni lazima kisomwe.

Marehemu Kasiva Nthiwa alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Mwingi, mtoto wa tatu wa Nthiwa na Syokau, akasoma huko huko hadi kidato cha nne mwaka 1979, kisha mwaka 1981 akaja Nairobi kufanya kazi katika duka la uchapishaji River Road, alikodumu hadi alipostaafu mwaka 2016.

Karibu na kazini palikuwa na jumba la zamani la opera, ambalo sasa ni ghala la mabati na misumari, na humo Mwalimu Zedekiah Awiti, mtunzi kutoka Siaya, alifundisha kwaya. Tarehe 5 Oktoba 1985 ilionyeshwa opera yake kuhusu bibi harusi anayedhaniwa amekufa, kisha anainuka jenezani akiimba, na bibi harusi huyo alikuwa Kasiva, na jeneza lilikuwa la kweli, limenunuliwa Dagoretti, jambo ambalo Nyanya Syokau alilipinga hadi siku yenyewe. Wabebaji walikuwa wanakwaya waliozoea kubeba maiti kanisani, wakalifunga kwa komeo kama walivyozoea, na Kasiva alipotaka kuinuka akakuta kifuniko hakisogei.

Alibisha, lakini kwa kuwa alikuwa mwanakwaya alibisha kwa kufuata mdundo, na mpiga ngoma, Kitonga, akidhani anachangamsha wimbo, akamjibu, na kadiri alivyozidi kubisha ndivyo Kitonga alivyozidi kupiga, na watu wakashangilia. Ni Mwalimu Awiti aliyeshusha mikono akasema, "Kitonga, nyamaza, hapo sikuandika ngoma," na katika kimya kile jumba zima likasikia kucha zikikwaruza mbao.

Kasiva hakupanda jukwaani tena. Aliolewa na Kiema tarehe 20 Agosti 1988, wakajaliwa Ngina na Quincy, na nyumbani kwao mtaani Kabiria, Kiema aling'oa makomeo ya milango yote ya ndani, hata ya bafu, na wageni waliambiwa waimbe wakiwa humo.

Kasiva aliugua moyo tangu mwaka 2023, akafariki tarehe 9 Juni 2025. Siku zake za mwisho hakutuuliza habari za kufa, alituuliza ni nani atakayekaza skrubu, na atakuwa na hakika gani.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Kabiria, na wenzake wa River Road.

Mwalimu Awiti, Nyanya Syokau, Kiema na wabebaji wote wametangulia. Kitonga yu hai, ameketi hapa mbele na ngoma yake, ataupiga wimbo ule, na atanyamaza pale alipokosea. Kifuniko hakijakazwa. Tunawaomba, akinyamaza, nasi tunyamaze, hata watoto, tusikilize mpaka tuwe na hakika, ndipo kifungwe.

Pumzika kwa amani, Kasiva, tunasikiliza.