Feni ya Mwenyekiti

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe mkwe wangu acha vyombo uje ukae, maana sauti yangu haifiki tena jikoni. Fungeni kwanza dirisha la barabarani. Sitaki kila mpita njia aondoke na maneno yangu.

Nyumba hii ni yenu nyote, asiuze mtu. Cherehani ni ya binti yangu, anajua ilivyo na kiburi ikiguswa na mgeni. Hayo hayanisumbui. Kinachoninyima usingizi ni kiti changu kwenye kamati ya ushauri ya wananchi, kule halmashauri.

Mwenyekiti wa halmashauri alikuja kuniona, akaleta machungwa na hii feni inayozunguka miguuni pangu. Miaka yote sikuwahi kupata kwake hata pole ya mafua. Akasema, "Mama, kiti chako tumpe mwanao mkubwa, ni kijana mtulivu." Mtulivu! Usinune, mwanangu. Wewe ukiulizwa chai au maji, unajibu chochote. Ndiyo maana wanakutaka. Wanataka kuhamisha zahanati yetu, pale pawe maegesho ya magari, na sheria inawalazimisha kutusikiliza kwanza.

Watu husema kamati haina meno. Kweli, sisi tunashauri tu, wao wanaamua. Lakini kama maneno yetu hayana uzito, mbona kila niliposimama kuuliza, mtu aliwasha feni ya ukumbini, ile inayonguruma kama mashine ya kusaga, mpaka karani akaandika kwamba nimeunga mkono? Nikajifunza kuinuka, kwenda ukutani, kuizima mwenyewe, ndipo niseme. Hivyo ndivyo tulivyoizuia zahanati isifungwe walipojaribu mara ya kwanza, na mjukuu wangu akazaliwa mle.

Kiti si shamba, siwezi kukirithisha. Mtaa wenyewe uchague. Mkiniuliza mimi, mpeni muuza mkaa. Ndiyo, huyo huyo niliyemnunia tangu asogeze ukuta wake uani kwetu. Simpendi mpaka leo, na alipokuja kwenye vikao vya kamati kama mwananchi tu, alinipinga mbele za watu bila haya. Lakini hakunipinga hata siku moja feni ikiwa inanguruma. Alisubiri niizime, ili nisikie vizuri anavyonisema. Hata yeye msimwachie peke yake. Nendeni mkakae nyuma yake, mmsikilize.

Mwanangu mkubwa, mwenyekiti akirudi, mwambie hapana, kwa mdomo wako mwenyewe. Hebu sema hapa, nisikie... Ehe. Ongeza sauti kidogo, baba.

Maji... Inatosha.

Mungu awakalishe pamoja, msiogopane, na milango yenu isikose mtu wa kubisha kwa heri. Mtaa huu... msikubali usemewe na... Mbona mnaniinamia hivyo? Hamnisikii? Ni hiyo feni yake. Hapana, binti yangu, wewe kaa. Mwache kaka yako ainuke.

Izime, mwanangu.